Anayetunga Uzi Asubiri

Daftari lenyewe lilikuwa la kawaida tu, la kurasa tisini na sita, limevikwa karatasi ya kaki na kushonwa ubavuni kwa uzi mweusi. Lakini katika vijiji vile saba hakukuwa na kitabu kilichoogopwa kama hicho. Aliyekuwa nalo ni mhudumu wa afya wa kujitolea, maana yake mshahara hana ila lawama anazo, na watu walishamsahau jina wakambatiza Mama Daftari. Ukitaka kuonwa na daktari wa macho, unapita kwake. Mlango mwingine hakuna.

Na daktari wa macho hakuwa mtu wa kupatikana ovyo. Alikuja na gari jeupe mara mbili kwa mwaka, mvua zikiwa na huruma, akakaa siku mbili pale zahanati: siku ya kwanza anapima na kupasua, siku ya pili anafungua bandeji na kuaga. Alibeba dawa na vifaa vya watu thelathini. Vijiji saba, watu thelathini, na hesabu hiyo ilipangwa na watu ambao hawajawahi kufika huku hata kwa kupotea njia. Mjini alikotoka, hospitali ya macho inafunguliwa kila siku ya Mungu, na mtu akiwashwa na kope anavuka barabara akaonwe. Kutoka huku kwenda huko ni siku nzima na nusu juu ya magari mawili, tena mgonjwa wa macho haendi peke yake, lazima awe na wa kumshika mkono. Basi watu hawaendi. Wanasubiri gari jeupe, na wengine wamelisubiri mpaka wakazikwa.

Zamani orodha ilikuwa mikononi mwa katibu wa kijiji. Bwana yule alipanga wagonjwa kama mtu anayepanga viti vya harusini, wakwe mbele, majirani katikati, wengine wajue wenyewe. Mwaka mmoja, kati ya watu thelathini, kumi na wawili walikuwa wa ukoo wa mkewe, na mmoja wao hakuwa na ugonjwa wowote, alikuja kuulizia miwani ya jua. Watu wakachachamaa. Mkutano ukaitishwa, maneno yakarushwa, katibu akanyang'anywa daftari wakwe zake wakiwa wamekaa pale pale wanatazama. Wakasema wanataka mtu asiye na upendeleo, na vidole vyote vikamwelekea mke wa fundi cherehani. Mama yule akainua mkono akala kiapo: hatampendelea mtu, hata awe wa nyumbani kwake.

Katibu alikuwa amekaa pembeni. "Tutaona," alisema, basi. Neno hilo moja lilimganda mama yule kichwani kuliko kiapo chenyewe.

Sasa mtu hujapewa semina, hujapewa hata karatasi ya maelekezo, umepewa daftari na macho ya watu mia mbili. Utayapangaje? Semina za wahudumu zilikuwapo, lakini zilifanyika mjini, na majina ya wanaoitwa yakaishia kwa vijiji vilivyo karibu na lami. Mama Daftari akatumia akili yake. Asiyeona kabisa, mbele. Anayeona ukungu, afuate. Anayeona-ona, asubiri. Na ili mtu asije akajitia upofu, akatafuta kipimo. Kipimo alikipata nyumbani, juu ya meza ya mumewe: sindano na uzi.

Ungefika mlangoni kwake kuandikishwa, angekutolea sindano aliyoichomeka kwenye ukosi wa gauni lake, akakupa na uzi. "Tunga." Ukishindwa kuiona sindano, unaandikwa juu. Ukihangaika, katikati. Ukitunga, unaandikwa ukurasa wa nyuma kabisa, unaambiwa una macho, nenda kalime. Watu walikipenda kipimo kile kupita kiasi, maana hakina ndugu wala shemeji. Ukiniuliza mimi, hata mimi ningepima hivyo hivyo.

Mumewe aliitwa Fundi Pindo. Suruali aliyokupindia yeye ungeivaa mpaka kitambaa kiishe, pindo bado limekaa. Alikuwa mtu wa utani, mwembamba, futi ya kupimia shingoni tangu asubuhi, na sindano alikuwa akiitunga kwa mkono mmoja huku anaongea na wewe. Walishaozesha watoto wawili, wakabaki wenyewe na cherehani, wakitaniana kama wachumba.

Kisha Fundi akaanza kujigonga.

Kwanza ilikuwa kichekesho. Alimkanyaga kuku aliyekuwa amelala ubavuni pa kiti chake. Akagonga bega kwenye fremu ya mlango aliyoitengeneza mwenyewe. Akaangusha kikombe.

"Baba watoto, hicho cha tatu mwezi huu."

"Kimenijia kwa pembeni."

"Kikombe kimekujia. Kina miguu."

Wakacheka. Lakini mtaani wengine hawakucheka, walinong'ona kwamba Fundi siku hizi anaonja kidogo kabla ya kufungua kazi. Na siku moja, aliporudi amejichubua paji la uso kwenye tawi, mkewe alimsogelea akajifanya anampangusa vumbi, kumbe anamnusa mdomo. Fundi akajua. Chakula cha mchana siku hiyo alikilia pale pale kwenye cherehani.

Baadaye alimweleza, tena kwa upole. "Mama watoto, nikitazama mbele naona safi kabisa. Pembeni ndiyo hakuna kitu. Ni kama nachungulia kwenye tundu la ufunguo."

Mama Daftari akachomoa sindano ukosini, akampa na uzi. "Tunga nikuone."

Akatunga. Mara moja, hata hakulamba uzi.

"Sasa shida iko wapi?"

"Sisemi shida. Nakwambia tu."

Akairudisha sindano mahali pake, akashukuru Mungu kwa dhati kabisa, akaenda kuchota maji huku anaimba. Hata hivyo moyo wa mke ni moyo wa mke. Ile orodha ya safari iliyofuata, kwa kanuni yake mwenyewe, Fundi angekuwa wa hamsini na kitu. Akamwandika wa thelathini na moja. Ndio upendeleo pekee alioufanya maisha yake yote, na tangu siku hiyo akawa hawezi kumtazama katibu usoni.

Gari jeupe likaja. Uwanja wa zahanati ulijaa watu tangu jua halijapanda, wenye fimbo, walioshikwa mikono, waliofunikwa kanga kukwepa mwanga. Watu ishirini na tisa walipangwa kwenye mabenchi ya barazani. Wa thelathini, mzee mmoja wa ng'ambo ya mto, hakutokea. Muuguzi wa zahanati akaita, akangoja, akaita tena. "Haya, anayefuata akae."

Fundi Pindo akakaa mwisho wa benchi. Mama Daftari akageukia ukutani kidogo ajifute jasho. Ilikuwa haki. Nafasi imejitokeza yenyewe, hakuna aliyesukumwa.

Hapo ndipo ilipoingia baiskeli. Aliyeiendesha alikuwa mwanamume mmoja anatweta, na nyuma, kwenye kiti cha mizigo, amemfunga mama mkwe wake kwa kanga asianguke. Ajuza huyo alikuwa mkunga enzi zake, mpaka leo anaitwa Bibi Mkunga. Macho yake yalikuwa meupe kabisa, yote mawili.

"Mwaka wa nne huu haoni," alisema yule mkwe. "Kule kwetu hatukuambiwa. Tumesikia jana jioni tu kwamba gari linakuja."

"Orodha imejaa, baba," alisema Mama Daftari, na sauti ikamtoka ndogo.

Katibu alikuwa ameegemea nguzo, kijiti mdomoni. "Imejaa nini, mama? Imejaa wagonjwa, au imejaa waume za watu?"

Watu wote wakamtazama yule mama, si kwa ubaya, wanangoja tu waone kama kiapo bado ni kiapo. Nawaambia ukweli, kosa la katibu silioni hata leo. Alikuwa na kinyongo, lakini alichouliza ni swali.

Mama Daftari akachomoa sindano. Akaiweka kiganjani mwa Bibi Mkunga. Ajuza akakitandaza kiganja kama anapewa mbegu, sindano ikateleza ikaanguka chini, hata hakujua imeanguka. Mama akaiokota. Akamgeukia mumewe, akampa ile sindano na uzi mbele ya watu wote.

Angeweza kukosea. Nimeliwaza sana jambo hili. Angetikisa kidole kidogo tu, akaupitisha uzi kando mara mbili tatu, nani angejua? Lakini mtu amekuwa fundi miaka ishirini na mitano, mkono wake haujui kudanganya, na hata ungejua, mwenyewe asingeuruhusu umwaibishe mkewe. Akatunga. Watu wakapiga makofi, wengine wakacheka kwa mapenzi. Fundi akainuka, akamshika ajuza mkono, akamkalisha pale alipotoka yeye.

"Pana joto hapa," alisema Bibi Mkunga, akipapasa benchi. "Nani kanipisha?"

Kelele zilikuwa zimeanza tena. Hakuna aliyemjibu.

Saa sita mchana daktari alitoka nje kunyoosha mgongo, na mfuko wa koti lake jeupe ukanasa kwenye kitasa, ukachanika mpaka chini. Muuguzi akasema hapa tuna fundi. Fundi Pindo akalipokea koti, akalishona pale pale amechuchumaa barazani, kwa sindano ile ile aliyokuwa ameitunga asubuhi. Daktari akasimama mbele yake, hatua moja, anakula karanga, akimtazama. Alipopewa koti aliligeuza nje ndani.

"Hongera, fundi. Huoni hata mshono ulipoanzia. Macho haya yatunze."

"Nitayatunza, daktari."

Akageuka kuondoka, akaigonga nguzo ya baraza kwa bega. Daktari alikuwa ameshaingia ndani.

Kesho yake bandeji zilifunguliwa. Bibi Mkunga alipofunguliwa, aliinua mikono yake miwili mbele ya uso. "Hii ni ya nani, imezeeka hivi?" Watu wakaangua kicheko na vigelegele. Akamshika mkwe wake mashavu akamwambia amenenepa. Mama Daftari alilia kwa furaha mpaka kanga ikalowa, na kama kuna siku aliona kazi yake ina maana, ni siku hiyo. Fundi naye alikuwepo, anapiga makofi, uso ameuelekeza kando kidogo ya pale ajuza alipokuwa.

Halafu zikaja mvua zisizo na huruma. Daraja likachukuliwa. Miezi sita ikapita gari halionekani, ya saba, ya nane. Muuguzi alipiga simu mjini akaambiwa safari za vijijini zimesogezwa mbele mpaka njia itengemae, na njia yenyewe hakuna aliyetumwa kuitengeneza. Lile tundu la ufunguo likazidi kuwa dogo. Fundi aliacha kwenda dukani peke yake. Aliacha kupokea kazi za vifungo. Alikuwa akikigeuza kichwa huku na huku kutafuta mkasi ulio mbele yake, kisha anajichekea mwenyewe, kisha hata kujichekea akaacha.

Asubuhi moja, mwezi wa kumi tangu gari liondoke, alikaa kwenye cherehani, akachukua sindano na uzi. Mkewe alikuwa anafagia. Akageuka kumtazama. Fundi alijaribu, akalamba uzi, akajaribu tena, akausogeza mwangani. Mama alihesabu mara tisa. Akaiweka sindano mezani taratibu.

"Mama watoto, njoo unitungie."

Ufagio ulimtoka mkononi. Akaja, akatunga, akamshika mumewe kichwa akakilaza tumboni mwake. Lakini mle ndani ya uchungu, sitaki kuwaficha, kulikuwa na kitu kinachofanana na afueni. Sasa Fundi alikuwa ameshindwa sindano. Sasa ni mgonjwa kwa kanuni. Siku hiyo hiyo akalifungua daftari ukurasa mpya, akamwandika wa kwanza, kwa herufi kubwa, bila hofu ya katibu wala ya mtu yeyote. Gari likija tu, watamtoa lile tatizo kama walivyomtoa Bibi Mkunga, kesho yake bandeji, kesho yake kicheko. Alimwambia hivyo mumewe kila siku. Alimwambia hata amenunua shati la kuvaa siku ya kufunguliwa bandeji. Fundi akalipapasa pindo la shati akasema aliyelishona alikuwa na haraka.

Gari likaja, daktari yule yule. Fundi akaingia wa kwanza, mkewe amemshika mkono. Chumba cha kuchomea sindano pale zahanati kilikuwa kimefungwa pazia jeusi dirishani. Daktari akamulika jicho la kulia, akamulika la kushoto. Akachukua kidude kidogo kama kalamu, akakigusisha jichoni, akasoma, akarudia. Haikuchukua hata dakika. Kisha akazima taa yake.

"Ni lini atapasuliwa?" aliuliza Mama Daftari. "Leo leo?"

"Mama, huu si mtoto wa jicho. Ni presha ya macho. Imebana mishipa ya ndani mpaka imekufa. Hapa hakuna cha kupasua."

"Na huko mjini?"

"Hata mjini. Hata ng'ambo."

Fundi alikuwa ametulia, mikono magotini. Ni kama alikuwa akijua siku nyingi.

Daktari akahema. Alikuwa mtu mwema, amechoka, na aliyasema maneno ambayo nadhani huyasema kila kijiji. "Mbona mnakuja mmechelewa hivi? Ugonjwa huu unaanzia pembeni. Mtu anaona mbele vizuri, anasoma, anatunga hata sindano, huku anaibiwa pembeni kidogo kidogo. Angekuja wakati anajigonga-gonga, ningempa dawa ya matone. Tone moja kila siku. Leo angekuwa anashona."

"Alikuja," alisema Mama Daftari.

"Alikuja wapi?"

"Hapa. Safari iliyopita. Ndiye aliyekushonea koti."

Daktari akaishusha mikono yake. Alikuwa amelivaa lile koti. Akaugusa mfuko, akaupapasa mshono ambao hauonekani ulipoanzia.

"Na yule bibi," mama aliendelea, maana sasa alikuwa ameanza kuona, na mtu akianza kuona hawezi kujizuia. "Yule mwenye macho meupe. Bibi Mkunga. Asingepasuliwa siku ile, ingekuwaje?"

"Mtoto wa jicho anasubiri, mama. Hata baada ya miaka mitano ningemtoa vile vile."

Mama Daftari akakaa chini, sakafuni, si kwenye kiti. Daftari lilikuwa mapajani mwake. Miaka sita alikuwa amelipanga kwa haki, na lilikuwa limepinduka, miguu juu kichwa chini. Wanaoweza kusubiri amewatanguliza. Wasioweza amewatungisha uzi akawarudisha shambani.

"Ningewajuaje?" aliuliza. "Sina kidude kama chako."

Daktari akasogeza kiti mbele yake. "Mwambie mtu akutazame pua, asihamishe macho. Halafu nyoosha mikono yako pembeni, hivi, chezesha vidole. Muulize kama anaviona. Asipoviona, mlete haraka, hata kama anatunga uzi."

"Vidole tu?"

"Vidole tu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Angejibu nini? Aseme semina zipo mjini? Aseme daktari wa macho ni mmoja kwa watu wa bonde zima, na huyo mmoja amepewa siku mbili? Mama alinyoosha mikono yake mwenyewe pembeni, akachezesha vidole, akavitazama kama havikuwa vyake. Kumi, alikuwa navyo tangu azaliwe. Akalia hapo sakafuni kwa sauti, kilio cha msibani, mpaka waliokuwa barazani wakasimama.

Fundi akapapasa hewani mpaka akampata begani. "Daktari, mke wangu hana kosa. Usimwandike popote."

"Simwandiki, fundi."

"Na wewe, mama watoto, inuka. Kuna watu nje."

Akainuka. Sijui alijikazaje, lakini aliinuka, akajipangusa uso, akatoka barazani. Akalifungua daftari, si ukurasa wa mbele, wa nyuma kabisa, walikoandikwa wale walioambiwa wana macho. Akaanza kuita majina kutoka chini kwenda juu. Anayejigonga aje. Anayeangusha vikombe aje. Wenye macho meupe wakabaki kwenye mabenchi wanaulizana kuna nini, na mzee mmoja mwenye fimbo akaanza kulalamika kwamba ameamka alfajiri.

"Hii ndiyo haki gani?" aliuliza katibu.

"Nitazame pua," alimwambia Mama Daftari. Akasema kwa utulivu, bila hasira, na katibu akajikuta anamtazama. Akanyoosha vidole pembeni. "Unaviona?"

"Naviona."

"Haya, kaa pembeni upishe wasioviona."

Jioni ile walipatikana wanne. Mwashi, mke wa mchunga mbuzi, mwalimu mmoja wa darasa la kwanza, na mama mkaanga mihogo ambaye watu walikuwa wakimsema mlevi. Daktari akawapa chupa ya matone kila mmoja, za mwezi mmoja. Muuguzi akauliza zikiisha watazipata wapi. Daktari akaona haya kusema, akasema. Kuna orodha inayopangwa makao makuu, ya dawa zinazoruhusiwa kukaa kwenye zahanati ya ngazi hii. Matone hayo hayamo. Yamo kwenye orodha ya mjini.

"Nani anaipanga?" aliuliza Mama Daftari.

"Watu, mama."

Yeye akatikisa kichwa. Alijua jinsi watu wanavyopanga orodha.

Ni miezi saba sasa. Matone ya wale wanne yanakuja kwa dereva wa lori la chumvi, akipita, akikumbuka, na mke wa mchunga mbuzi ameshakosa mara mbili. Mama Daftari anatembea vijiji saba kwa miguu, anasimamisha watu njiani awachezeshee vidole pembeni, na watoto wamemtungia mchezo. Fundi Pindo bado anakaa mezani pake. Cherehani ameifunika kwa kitambaa. Ila mapindo ya mkono anayapinda, kwa kupapasa, polepole, na watu wanamletea hata suruali ambazo pindo halijafumuka. Yeye anajua. Anazifumua kwanza, halafu anazipinda.

Kinachomshinda ni kutunga uzi, na hapo ndipo anapoingia Bibi Mkunga. Kila siku ya gulio ajuza anakuja, anavuta kigoda mlangoni penye mwanga, anatunga sindano ishirini na kuzichomeka kwenye kimto kidogo cha kitambaa, za kumtosha fundi mpaka gulio lijalo. Hakuna aliyemtuma. Alisikia tu kuna fundi asiyeona, akasema yeye aliyaishi hayo miaka minne, hawezi kukaa na macho ya bure. Kila mtu aliyekuwepo zahanati siku ile anajua, na kwa mara ya kwanza tangu kijiji kianze, kijiji kizima kimefunga mdomo.

Gulio lililopita alikuwa amefika sindano ya kumi na nane. Aliinua uso akamtazama Mama Daftari, aliyekuwa anachambua dengu.

"Mwanangu, wewe ndiwe mwenye orodha. Siku ile nilipoletwa na baiskeli, kuna mtu alinipisha. Niliketi mahali pake pakiwa bado pana joto. Kila ninayemuuliza hapa anakumbuka vumbi tu. Ni nani? Nataka nimshike mkono kabla sijafa."

Dengu zikabaki zimejaa kiganjani mwa Mama Daftari. Alitaka kusema, na alitaka ardhi impokee, yote mawili kwa pamoja.

"Namkumbuka, bibi," alisema Fundi, hajainua uso kutoka kwenye pindo. "Nilikuwepo. Mtu wa huku huku tu, usimhangaikie. Alikuwa na macho yake mazima, sindano alikuwa anaitunga mara moja."

"Afadhali," alisema ajuza, na akashusha pumzi. "Nilikuwa naogopa nimechukua nafasi ya mgonjwa."

Akatunga ya kumi na tisa, akamnyooshea. Fundi akapeleka mkono, ukapita kando, na Mama Daftari akaushika mkono wa mumewe akaupeleka ilipo sindano.